Kusimamisha Dawa za Parkinson kwa Siku Chache: Hatari Ambayo Familia Nyingi Hazijaisikia

Chukua mfano wa fundi cherehani wa Kawangware, mwenye umri wa miaka 68, ambaye kwa miaka sita sasa anaishi na ugonjwa wa Parkinson. Ni Jumamosi jioni. Kwenye pakiti yake ya dawa vimebaki vidonge viwili, ilhali yeye humeza vinne kwa siku. Binti yake anatoka mbio kwenda maduka ya dawa yaliyo karibu na steji. Duka la kwanza hawana. La pili wanayo, lakini ya nguvu tofauti. La tatu, muuzaji anamwambia, "Dada, hiyo mpaka tao, na saa hizi wamefunga. Jaribu Jumatatu."

Akirudi nyumbani, baba yake anamtuliza. "Usijisumbue, mama. Hata mwili unahitaji kupumzishwa hizi dawa. Siku mbili tatu haziniui."

Jumapili inapita salama. Mzee anaenda kanisani, anakula chakula cha mchana, hata anatania kwamba labda dawa zenyewe zilikuwa hazina kazi. Jumatatu mguu wa kulia unagoma kuinuka. Kufikia Jumanne usiku amekakamaa kama ubao, jasho linamtiririka, mwili unachemka na maneno anayosema hayaeleweki. Jirani anasema hiyo ni malaria.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake inatokana na mambo ambayo madaktari wanayafahamu vizuri. Dawa za Parkinson si kama za kupunguza maumivu, ambazo mtu humeza akihisi vibaya na kuacha akipata nafuu. Zikikatizwa ghafla, mgonjwa anaweza kulazwa hospitalini, na wapo wanaopoteza maisha.

Dawa inafanya nini

Ugonjwa huu ulipewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika chapisho lake la mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuendesha mwendo wa mwili. Chembe hizo zinapokufa polepole, mkono huanza kutetemeka hata ukiwa umetulia, misuli hukaza, hatua hufupika, sauti hufifia na uso hukosa tabasamu. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kurogwa. Wala si ulevi, ingawa mtu anayepepesuka kwenye steji ya matatu hudhaniwa upesi kuwa amelewa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 kulikuwa na zaidi ya watu milioni 8.5 wanaoishi na Parkinson ulimwenguni. Katika eneo letu, wengi hawajui kuwa wanao. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya. Iliyopo, ambayo ndiyo tegemeo kuu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ni levodopa. Ubongo huichukua levodopa na kuigeuza kuwa dopamini. Kwa kawaida huchanganywa kwenye kidonge kimoja na kabidopa, ambayo huizuia isigeuzwe mapema ikiwa bado haijafika kwenye ubongo, hivyo kupunguza kichefuchefu. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, yaani dawa ambazo mfumo wowote wa afya unapaswa kuwa nazo wakati wote.

Siku ya kwanza hudanganya

Kwa nini fundi wetu alikuwa mzima Jumapili? Hili ndilo jambo linalowapotosha wagonjwa wengi.

Levodopa haikai mwilini kwa muda mrefu. Nusu yake huwa imeondoka kwenye damu katika muda wa saa moja na nusu hivi, na ndiyo sababu humezwa mara kadhaa kwa siku. Lakini nafuu inayoletwa na dawa hiyo ni ya aina mbili. Ipo nafuu ya haraka, ambayo huja na kuondoka na kila kidonge. Ipo pia nafuu ya muda mrefu, ambayo hujijenga kwa siku na wiki za kumeza dawa bila kukosa, na huisha taratibu mgonjwa anapoacha. Aliyekuwa na akiba ya nafuu hii ya pili anaweza kuamka siku ya kwanza bila dawa akajiona yuko sawa kabisa. Ni kama mtungi wa gesi ambao haujaisha: moto unawaka, ila hakuna gesi mpya inayoingia.

Kwa wale ambao ugonjwa umesonga mbele, akiba hiyo ni ndogo sana. Baadhi yao hukakamaa saa chache tu baada ya kukosa kidonge kimoja, hata wakiwa ndani ya matatu katikati ya msongamano wa Waiyaki Way. Kwa hiyo jirani aliyewahi kukosa dawa wiki nzima bila kudhurika si kipimo cha mtu mwingine.

Wakati madaktari wenyewe walipowapa wagonjwa "likizo"

Wazo la kuupumzisha mwili kutokana na dawa halikuzuka mitaani. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa neva hasa nchini Marekani walilijaribu kwa makusudi. Walikuwa wameona kwamba baada ya miaka kadhaa levodopa huanza kuleta matatizo: nafuu hudumu muda mfupi, mwili hujipinda na kuchezacheza wenyewe, wengine huona watu ambao hawapo. Wakafikiri kwamba kuiondoa dawa kwa siku kadhaa, hata kufikia wiki mbili, kungeuamsha ubongo ili uipokee upya kwa dozi ndogo.

Wagonjwa walilazwa wodini na kuangaliwa usiku na mchana. Baadhi walipata nafuu waliporudishiwa dawa, lakini baada ya miezi michache matatizo yalirudi. Na gharama ya nafuu hiyo ilikuwa kubwa. Watu walikaa vitandani bila uwezo wa kujigeuza. Wengine walishindwa kumeza, chakula na mate vikaingia mapafuni na kuwaletea nimonia. Damu iliganda miguuni kwa kulala bila kusogea, na donge la namna hiyo likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Wapo waliozama katika huzuni nzito. Mtindo huo uliachwa, na leo haupendekezwi.

Inafaa kukumbuka kwamba hao walikuwa hospitalini, na wauguzi pembeni mwao. Anayejaribu jambo lilo hilo akiwa peke yake katika chumba cha kupanga Kangemi hana hata nusu ya ulinzi huo.

Homa ambayo si malaria

Hatari kubwa kuliko zote ni hali ambayo huwapata wachache, lakini huwapata kwa kasi. Dopamini inaposhuka ghafla, misuli hukaza mfululizo bila kulegea. Misuli iliyokaza hutoa joto, na sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili nayo huwa imevurugika. Homa hupanda, jasho hutoka kwa wingi, moyo hudunda mbio, shinikizo la damu hupanda na kushuka, na mgonjwa huchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi. Misuli ikianza kuvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuumiza figo. Dalili hizi mara nyingi huanza kati ya siku ya kwanza na ya saba baada ya dawa kukatizwa au kupunguzwa kwa kiasi kikubwa.

Hapa Nairobi, mtu akipata homa na kuchanganyikiwa, familia huwaza malaria kwanza na taifodi baadaye, ingawa jiji hili ni miongoni mwa maeneo yenye hatari ndogo ya malaria nchini. Vipimo hivyo vifanywe, kwa kuwa maambukizi yenyewe yanaweza kumzidishia mgonjwa wa Parkinson hali yake. Ila mhudumu aliye zamu usiku hawezi kujua kwamba mgonjwa amekosa dawa kama hakuna aliyemwambia. Sentensi moja ya binti yule, "Baba ana Parkinson na hajameza dawa tangu Jumapili asubuhi," inaweza kubadilisha kabisa matibabu atakayopewa.

Mgonjwa wa Parkinson aliyekosa dawa kisha akapata homa, akakakamaa au akachanganyikiwa ni wa kukimbizwa hospitalini papo hapo. Asisubiri siku ya kliniki.

Kwa nini dawa hukatizwa

Ni wachache wanaoamka asubuhi moja na kuamua kuacha tu. Mara nyingi dawa huisha pesa zikiwa hazipo. Familia yenye kodi ya nyumba, karo na nauli ya kulipa hununua vidonge vya siku tatu, kisha vya siku mbili, halafu mgonjwa huanza kuvikata nusu ili visogee hadi mwisho wa mwezi. Kukata dozi nusu bila kumwambia daktari ni njia nyingine ya kuikatiza, hata kama kila siku kuna kitu kinachomezwa.

Umbali nao unachangia. Maduka mengi ya mtaani hayaweki dawa hii kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, na mgonjwa wa Riruta au Uthiru hulazimika kuifuata katikati ya jiji. Siku barabara zinapofungwa, kama ilivyokuwa Julai 7, 2025, mwenye vidonge vya siku moja tu nyumbani hujikuta taabani. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni rahisi kuusema ingawa si rahisi kuutimiza: dawa inunuliwe ikiwa zimebaki za siku 10, wala si za siku mbili. Asiyeweza kununua za mwezi mzima kwa mara moja anaweza kuongeza vidonge viwili vitatu juu ya kila anachonunua, hadi apate akiba ya wiki moja. Akiba hiyo iandikwe tarehe na izungushwe ili isiharibike.

Wengine huacha kwa sababu ya madhara: kichefuchefu, kizunguzungu wakati wa kusimama, ndoto za kutisha, kuona vitu visivyokuwepo. Haya si malalamiko ya kupuuzwa, na daktari anayeyasikia ana njia za kuyashughulikia. Anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua, kubadilisha saa za kumeza, au kuondoa kwanza dawa nyingine ambayo ndiyo yenye lawama. Wagonjwa wengine hutumia pia amantadini, pramipeksoli au traiheksifenidili, na hizo nazo hazikatizwi ghafla. Anayeiacha pramipeksoli kwa ghafla, kwa mfano, anaweza kushikwa na hofu kali, jasho na huzuni.

Wapo wanaodhani dawa imeshindwa kazi, kumbe shida ni sahani. Nyama, maziwa, mayai na maharagwe vina protini, na protini hushindana na levodopa kupenya kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Anayemeza kidonge pamoja na sahani ya githeri anaweza asione faida yoyote. Kwa kawaida mgonjwa hushauriwa kumeza nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Vidonge vya kuongeza madini ya chuma navyo vitenganishwe na levodopa, kwa kuwa huizuia isifyonzwe vizuri. Si lazima kuacha protini. Mwili wa mzee unaihitaji. Ni suala la saa tu.

Kufunga ni jambo lingine. Iwe ni Ramadhani au mfungo wa maombi kanisani, mgonjwa asiyemeza chochote kuanzia alfajiri hadi jua kuchwa hukaa zaidi ya saa 12 bila levodopa. Uislamu unamruhusu mgonjwa asifunge, na makanisa hayamlazimishi. Anayetaka kufunga hata hivyo azungumze na daktari wiki kadhaa mapema, wala si usiku wa kuamkia mfungo. Kwa baadhi yao, hasa walio katika hatua za mwanzo, ratiba inaweza kupangwa upya. Kwa wengine jibu la daktari litakuwa hapana.

Kuna pia habari ya upupu. Mmea huo, ambao wakulima wengine huupanda ili kufunika na kurutubisha ardhi, kweli una levodopa kwenye mbegu zake, na umetumika katika tiba ya jadi ya India kwa muda mrefu. Wauzaji wa unga wake hawasemi uongo wanapotaja hilo. Wasichokisema ni kwamba unga hauna kabidopa, na kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu. Katika jaribio moja la wiki 16 lililochapishwa mwaka wa 2018, lenye wagonjwa 14, nusu yao waliacha kuutumia, wengine kwa sababu ya matatizo ya tumbo na wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika. Kutupa vidonge na kushika kijiko cha unga ni kusimamisha dawa. Kutumia vyote viwili kwa siri ni kuzidisha dozi. Anayeutumia amwambie daktari bila aibu.

Hospitalini napo dawa hukosekana

Hili huwashangaza wengi, lakini wodi ni mahali ambapo dawa za Parkinson hukatizwa kwa urahisi, duniani kote. Mgonjwa hulazwa kwa sababu ya mguu uliovunjika au nimonia, na dawa zinagawiwa kwa saa za wodi, si kwa saa zake. Nchini Uingereza, shirika la Parkinson's UK limefanya kampeni kwa miaka mingi kutaka wagonjwa wapewe dawa hizi kwa wakati, na mwongozo wa afya wa huko unasema isipite nusu saa ya muda uliopangwa.

Anayelazwa aende na dawa zake pamoja na karatasi ya saa za kumeza, akabidhi kwa muuguzi na kueleza kwa nini saa hizo ni muhimu. Asiyeweza kumeza anaweza kupewa dawa kupitia mpira wa puani. Lakini vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi, kwa hiyo daktari huchagua aina nyingine.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa huambiwa asile wala asinywe kitu. Hapo swali la kuuliza ni hili: "Na dawa zangu za Parkinson je?" Mara nyingi levodopa huruhusiwa kwa maji kidogo hadi karibu na saa ya upasuaji. Zipo dawa chache, kama selejilini na rasajilini, ambazo daktari anaweza kutaka zisimamishwe kwa muda mapema, kwa sababu hazipatani na baadhi ya dawa za maumivu kama tramadoli na pethidini. Huko ndiko kusimamisha dawa kunakokubalika: kuna sababu, kuna tarehe ya kuanza na ya kurudia, na kuna mtu anayefuatilia. Vivyo hivyo pale kliniki ya neva inapomwomba mgonjwa aje asubuhi kabla ya kumeza, ili daktari aone tofauti.

Jambo lingine la kuangaliwa ni dawa zinazofanya kazi dhidi ya dopamini. Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil na hupewa kwa wepesi mtu anayetapika, inaweza kumkakamaza mgonjwa wa Parkinson kana kwamba ameacha levodopa. Haloperidoli, inayotumiwa kumtuliza aliyechanganyikiwa, ni mbaya zaidi kwake. Kwa kutapika, madaktari wengi huchagua domperidoni, baada ya kuhakikisha moyo wa mgonjwa hauna tatizo.

Dozi ikikosekana

Kidonge kimoja kikisahaulika, mgonjwa akimeze pindi akumbukapo, isipokuwa kama saa ya kinachofuata imekaribia. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Dawa zikiisha kabisa, asisubiri kuona kama atahimili: aende siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Riruta, Waithaka au Kangemi, au Hospitali ya Mutuini kwa walio Dagoretti. Hata kama kituo hakina dawa yenyewe, mhudumu anaweza kuwasiliana na hospitali kubwa kama Mbagathi au Kenyatta, na kumwandikia rufaa.

Duka likiwa na vidonge vya nguvu tofauti, hesabu ifanywe na mfamasia au daktari, wala si kwa kukisia nyumbani. Kidonge cha miligramu 250 za levodopa si mbadala wa moja kwa moja wa kile cha 100. Na aliyekaa bila dawa kwa siku kadhaa asirudie dozi yake yote peke yake, kwa sababu anaweza kushukwa na shinikizo la damu, kutapika au kuchanganyikiwa. Apige simu kliniki au afike kituoni aelezwe aanzie wapi.

Nyumbani kwa yule fundi, kinachohitajika ni karatasi moja inayotosha kukunjwa ndani ya pochi, na nakala yake katika simu ya binti. Juu iandikwe: "Nina ugonjwa wa Parkinson. Sijalewa." Chini yake majina ya dawa, nguvu ya kila kidonge na saa za kumeza. Kisha jina la kliniki na nambari ya jamaa wa karibu. Mstari wa mwisho uwe wa dawa asizopaswa kupewa, na Plasil iwe ya kwanza.